MAISHA YA RICHARD BELLMAN (1920–1984), MTU WA HESABU ALIYEFUNDISHA KUENDELEA KUTOKA FASI TULIPO



Safari hii, katika ukurasa wa maisha ya watu wakubwa, sikuleteeni mfalme wala mkubwa wa jeshi. Nawaletea mtu wa hesabu. Najua wengine wakisikia tu neno hesabu wanageuza ukurasa mbio. Ngojeni kidogo. Mtu huyu hata mdogo wetu wa mwaka wa kwanza anaweza kumfahamu, maana fundisho lake kubwa linafanywa kwa kujumlisha na kutoa tu.

Kwanza niwaambie ginsi nilivyomjua. Sisi wa mwaka wa sita tulipewa problemu moja ubaoni. Mtu anafanya biashara ya hisa. Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni ambayo mtu anaweza kununua na kuuzisha. Bei yake inapanda na kushuka kila siku. Bei za siku sita zilikuwa hizi, kwa dolari: 10, 14, 12, 17, 9, 13. Mtu anaruhusiwa kuwa na hisa moja tu kwa wakati mmoja. Anaweza kununua na kuuzisha mara nyingi anavyotaka, lakini kila safari anapouzisha analipa komisyo ya dolari 3. Swali: faida kubwa kupita zote ni ngapi?

Darasa likagawanyika. Kundi la kwanza likasema: kila bei inapopanda, tuchukue. Wakanunua kwa 10 wakauzisha kwa 14, wakanunua kwa 12 wakauzisha kwa 17, wakanunua kwa 9 wakauzisha kwa 13. Nyuma ya kulipa komisyo tatu wakabaki na dolari 4. Kundi la pili likasema komisyo inakula faida, afadhali kuuzisha mara moja tu. Wakanunua kwa 10, wakauzisha kwa 17, wakalipa 3, wakabaki na dolari 4 vilevile. Basi furaha ikawa nyingi darasani. Makundi mawili, njia mbili, jibu moja. Tukafunga makaye.

Kumbe wote tulikosa. Jibu la kweli ni 5. Na njia ya kulipata bila kubahatisha ilitoka kwa Richard Bellman. Tufuate maisha yake, halafu tutarudia problemu yetu.

1. UTOTO WAKE

Richard Ernest Bellman alizaliwa mwezi wa 8 mwaka 1920 ku Brooklyn, sehemu ya mji wa New York, huko Marekani. Familia yake walikuwa Wayahudi. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Baba yake, John James Bellman, alikuwa na duka dogo la vyakula karibu na bustani kubwa ya mji inayoitwa Prospect Park. Kwa hiyo mtoto huyu alikomaa karibu na kilo, bei na hesabu ya mwisho wa siku. Ni shule ambayo watoto wengi wa wachuuzi wanaijua.

Ngambo ya mto, si mbali na Brooklyn, kuko njia ndogo inayoitwa Wall Street, na hapo ndipo soko la hisa la New York lilipo. Mwezi wa 10 mwaka 1929, Bellman akiwa na miaka tisa, bei za hisa zilianguka vibaya sana. Kipimo cha Dow Jones, ambacho watu wanakitumia kufuata bei za makampuni makubwa, kilikuwa karibu 381 mwezi wa 9 mwaka 1929; mwezi wa 7 mwaka 1932 kilikuwa kimeshuka mpaka karibu 41. Watu waliolala matajiri waliamka maskini. Kazi zikapotea, na umaskini ukaingia katika nyumba nyingi za Amerika. Vijana wa miaka ile walikomaa wakiona ginsi mtu anayetafuta faida bila kipimo anavyoweza kupoteza yote.

2. MASOMO NA VITA

Bellman alimaliza masomo ya sekondari ku Brooklyn mwaka 1937. Akaingia katika Brooklyn College, shule kubwa ya mji ambayo wakati ule haikulipisha wanafunzi wa mji karo ya masomo. Bila mlango ule, pengine mtoto wa duka dogo hangefika mbali. Akapata diploma yake ya hesabu mwaka 1941, kisha akaendelea na masomo ku Univerisite ya Wisconsin.

Lakini vita vya pili vya dunia vilikuwa vimewaka. Bellman alitumwa Los Alamos, katika jangwa la New Mexico, akafanya kazi katika kikundi cha wanafizikia wa nadharia. Los Alamos ndiko bomu ya atomiki ilikotengenezwa kwa siri. Hapa sisi Wakongomani tusimame kidogo, maana sehemu kubwa ya uranyumu ya kazi ile ilitoka kwetu, kwenye shimo la Shinkolobwe, katika Katanga. Basi jiwe la nchi yetu na kijana wa Brooklyn walikuwa katika historia moja, hata kama hawakujuana.

Nyuma ya vita alirudilia masomo, na mwaka 1946 akapata udokta ku Univerisite ya Princeton, chini ya profesa Solomon Lefschetz. Alikuwa na miaka 25. Profesa huyu Lefschetz alikuwa amepoteza mikono yake miwili kwa ajali ya kazi alipokuwa injinia kijana. Hapo ndipo aliacha uinjinia, akaanza hesabu, na akafika kuwa mmoja wa wakubwa wa hesabu katika Amerika. Shikeni jambo hili katika kichwa; tutalikumbuka mwishoni.

3. KAZI YAKE KUBWA

Bellman alifundisha Princeton na Stanford. Angeweza kubaki huko na kufanya hesabu safi tu, zile za kupendeza wataalamu wenzake. Lakini akaanza kwenda kufanya kazi katika shirika la RAND, ku Santa Monica, California, na mwaka 1952 akabaki huko kabisa. RAND lilikuwa shirika la utafiti lililofanya kazi hasa kwa jeshi la anga la Marekani. Huko waliuliza maswali ya watu wenye kazi mikononi: ginsi ya kugawanya vitu haba, ginsi ya kupanga safari, ginsi ya kuamua leo wakati matokeo yataonekana kesho kutwa.

Bellman akaona kwamba maswali haya yote yanafanana kwa jambo moja. Hayaombi uamuzi mmoja. Yanaomba uamuzi leo, na mwingine kesho, na mwingine tena, na kila uamuzi unabadilisha hali ya uamuzi unaofuata. Ukitaka kujaribu mifuatano yote ya maamuzi, utazeeka mbele ya kumaliza.

Tuangalie problemu yetu. Mwisho wa kila siku, mfanyabiashara yuko katika hali moja kati ya mbili: ana hisa, ao hana. Kwa siku sita, mifuatano ya hali ni 2 mara 2 mara 2 mpaka mara sita, ni kusema 64. Mwenye subira anaweza kuiandika yote. Kwa siku 20 ni 1 048 576. Na kwa mwaka mzima wa soko, ambao una siku karibu 250, hesabu ya mifuatano inaandikwa kwa tarakimu 76. Hata ordinateri zote za dunia zikikusanywa haziwezi kuipitia mmoja mmoja.

Wazo la Bellman ni hili, nalieleza kwa maneno yangu. Tuseme njia nzuri kupita zote ya kutoka Los Angeles kwenda New York inapita Chicago. Basi kipande cha njia kutoka Chicago mpaka New York lazima kiwe ndicho kizuri kupita vyote kwa mtu anayeanzia Chicago. Kama kungekuwa kipande kingine kizuri zaidi, tungekishika hicho, na safari yote ingekuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo mtu aliyefika Chicago hana haja ya kukumbuka alipita wapi. Anahitaji kujua mambo mawili tu: sasa niko wapi, na kutoka hapa njia nzuri ni ipi.

Mambo yote yaliyopita yanakusanywa katika neno moja: hali. Ukijua hali ya leo, ya jana yanatosha. Unafanya swali kubwa kuwa maswali madogo, unajibu kila dogo mara moja tu, unaandika jibu lake, na hulifanyi tena. Njia hii inaitwa programu dinamiki.

4. TURUDILIE PROBLEMU YETU

Sasa chukueni kaye na kalamu. Tutaandika namba mbili kwa kila siku. Namba ya kwanza tuiite M, yaani mikono mitupu: ni pesa nyingi kupita zote ambazo mtu anaweza kuwa nazo jioni bila kuwa na hisa. Namba ya pili tuiite H: ni pesa nyingi kupita zote anazoweza kuwa nazo jioni akiwa na hisa. Mtu anaanza na sifuri. Akinunua bila kuwa na pesa tunaandika deni, yaani namba iliyo chini ya sifuri.

Kwa kila siku tunauliza maswali mawili.

Kwa M: ni nini kinazidi, kubaki na M ya jana, ao kuchukua H ya jana, kuuzisha kwa bei ya leo na kulipa 3?

Kwa H: ni nini kinazidi, kubaki na H ya jana, ao kuchukua M ya jana na kununua kwa bei ya leo?

Ni hayo tu. Haya matokeo:

Siku ya 1, bei 10: M = 0; H = –10
Siku ya 2, bei 14: M = 1; H = –10
Siku ya 3, bei 12: M = 1; H = –10
Siku ya 4, bei 17: M = 4; H = –10
Siku ya 5, bei 9: M = 4; H = –5
Siku ya 6, bei 13: M = 5; H = –5

Tuangalie mistari mitatu. Siku ya 2, aliye na hisa alikuwa na deni la 10. Akiuzisha kwa 14 na kulipa 3, anabaki na 1. Hii 1 inapita 0, basi M inakuwa 1. Lakini H haikubadilika, maana kununua kwa 14 kungetupa –14, na –10 ni afadhali.

Siku ya 3 ndipo kundi letu la kwanza lilikosea. Wao walikuwa wameuzisha, wana dolari 1 mkononi. Wakanunua tena kwa 12, wakafika –11. Lakini mtu ambaye hakuuzisha kabisa yuko na –10. Wote wawili wana hisa ile ile, lakini wa pili ana dolari moja zaidi. Haraka ya kuchukua faida ndogo ilikula komisyo ya bure.

Siku ya 5 ndipo kundi la pili lilikosea. Walikuwa na dolari 4, wakatosheka, wakafunga duka. Lakini mwenye 4 akinunua kwa 9 anafika –5, na siku ya 6 anauzisha kwa 13, analipa 3, anabaki na 5.

Ukitaka kujua siku za kununua na za kuuzisha, unarudi nyuma katika meza. Hii 5 ya siku ya 6 ilitoka ku –5 ya siku ya 5. Hii –5 ilitoka ku 4 ya siku ya 4, kwa kununua. Na 4 ilitoka ku –10 ya siku ya 1, kwa kuuzisha. Basi: nunua siku ya 1, uzisha siku ya 4, nunua siku ya 5, uzisha siku ya 6. Faida 4 kujumlisha 1, ni 5.

Kwa siku sita tuliandika namba 12. Kwa mwaka wa siku 250 tutaandika namba 500, na mwanafunzi mmoja mwenye subira anaweza kuzimaliza. Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa akili ya mtu huyu: pale ambapo zamani palikuwa mifuatano ya tarakimu 76, sasa pamebaki namba 500 tu.

Inafaa kusema wazi kwamba problemu hii yenyewe si Bellman aliyeitunga. Ni zoezi wanalopewa wanafunzi wa ordinateri, na hata watu wanaotafuta kazi ya kuandika programu. Lakini ufunguo wa kuifungua ni wake.

Tena isimdanganye mtu. Katika zoezi hili tunajua bei za siku zote sita tangu mwanzo. Sokoni hakuna anayejua bei ya kesho. Bellman alilijua jambo hilo, na akaeleza pia ginsi ya kuamua wakati kesho haijulikani, kwa kupima kila jambo linaloweza kutokea na uwezekano wake. Lakini hata hapo hesabu inakupa uamuzi mzuri tu. Haikupi ahadi ya faida. Yeyote atakayepeleka pesa ya masomo kwenye biashara ya bahati asiseme kapita alimfundisha.

5. JINA LA AJABU

Watu wengi wanauliza juu ya nini njia hii iliitwa programu dinamiki. Bellman mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1984. Alisema kwamba wakati ule waziri wa ulinzi wa Marekani alikuwa Charles Wilson, mtu aliyechukia neno utafiti, na hesabu hakuipenda vilevile. RAND ilipata pesa kutoka jeshi la anga. Kwa hiyo Bellman alitafuta jina ambalo litaficha hesabu ndani yake. Programu maana yake ilikuwa mpangilio wa kazi, na dinamiki ni neno lenye nguvu ambalo ni vigumu mtu kulisema vibaya. Hata mbunge, aliona, hangeweza kulikataa.

Ni hadithi nzuri, na inasimuliwa sana. Lakini mwenye kupenda ukweli aangalie miaka. Wilson alianza kazi ya uwaziri mwezi wa kwanza mwaka 1953, na Bellman alikuwa amekwisha kutumia jina hili katika andiko la mwaka 1952. Pengine kumbukumbu yake ilichanganya mambo. Hata watu wakubwa wanasahau tarehe.

Mwaka 1957 kilitoka kitabu chake kikubwa juu ya njia hii. Mwaka 1958 aliandika juu ya kutafuta njia fupi kati ya miji mingi, na mpaka leo wanafunzi wa ordinateri wanajifunza njia hiyo kwa jina lake na la Lester Ford. Pia alikuwa mwaminifu kueleza udhaifu wa njia yake mwenyewe. Hisa moja inatupa hali mbili. Lakini mtu akifuata hisa kumi, na kila moja anaweza kuwa nayo ao kutokuwa nayo, hali zinakuwa 1 024. Hisa ishirini, zinapita milioni. Bellman aliita shida hii laana ya vipimo vingi, na jina hilo limebaki.

6. UGONJWA NA MWISHO WAKE

Mwaka 1965 Bellman alihama RAND akawa profesa ku Univerisite ya Southern California, katika Los Angeles. Alifundisha hesabu, uinjinia wa umeme na hata mambo ya uganga, maana alikuwa ameanza zamani kutumia hesabu kwa maswali ya wagonjwa. Mwaka 1960 alikuwa ameandika na wenzake juu ya hesabu za dawa za kutibu kansa.

Mwaka 1973, akiwa na miaka zaidi ya 50, waganga walikuta uvimbe ndani ya ubongo wake. Walimpasua, wakautoa. Alipona kifo, lakini madhara yaliyofuata yalimwacha kilema kibaya. Mtu aliyekuwa na nguvu na mbio nyingi akawa mtu wa kusaidiwa.

Wapenzi, hapa ndipo maisha yake na hesabu yake vinakutana. Angeweza kukaa na kuhesabu yaliyopotea. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi kazini. Kwa miaka karibu kumi na moja iliyobaki aliendelea kuandika na kutoa vitabu na maandiko. Mwaka 1976 alipewa zawadi ya nadharia yenye jina la John von Neumann. Mwaka 1979 wainjinia wa umeme walimpa medali yao kubwa kupita zote, medali ya heshima ya IEEE. Mwaka 1983 alichaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Alikufa tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 1984, akiwa na miaka 63. Aliacha vitabu karibu 40 na maandiko ya hesabu zaidi ya 600. Leo njia yake inatumiwa fasi nyingi: katika uchumi, katika kulinganisha mifuatano ya asili ya mwili iliyo ndani ya chembe za viumbe, katika kuongoza vyombo vya angani, na katika mashine zinazojifunza zenyewe kucheza michezo na kufanya kazi. Mlinganyo ulio na jina lake unasomwa katika mauniverisite ya dunia nzima.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu na dada, mimi si mtu wa kuhubiri katika ukurasa huu. Kuna wengine wenye kazi hiyo. Nitasema tu jambo moja lililonigusa.

Angalieni tena meza yetu. Siku ya 5 bei ilianguka kutoka 17 mpaka 9. Mtu aliyekuwa anafuata bei kwa hofu aliona hasara tu. Lakini meza haikulia, wala haikuuliza juu ya nini jana ilikuwa 17. Iliuliza: leo niko na nini, na kutoka hapa njia nzuri ni ipi? Na kutoka siku ile mbaya ndiko ilikotoka dolari ya tano.

Lefschetz, mwalimu wake, alipoteza mikono, akauliza swali hilo, akawa mtu wa hesabu. Bellman alipoteza nguvu za mwili, akauliza swali hilo, akaendelea kuandika. Na kati yetu hapa kuko wenye kuanguka mitihani ya trimesta iliyopita. Kuko waliorudilia darasa. Kuko waliochelewa kuanza masomo juu ya karo, na wanaona wenzao wa umri wao wamekwisha kupata diploma. Nimesikia wengine wakisema usiku katika nyumba ya kulala kwamba mwaka umekwisha haribika, basi afadhali kuacha. Ndugu yangu, hiyo ni kuweka siku za jana ndani ya hesabu ya kesho. Hesabu haifanywi hivyo. Alama zako za trimesta ya kwanza zimekwisha kuandikwa. Ni hali yako, si hukumu yako. Kutoka hapo, kuko njia moja nzuri kupita zote kwa mtu aliye pale pale ulipo wewe. Si njia ya rafiki yako aliyepata alama 80. Ni yako.

Na kwa wale waliofaulu, meza inasema nao pia. Kundi letu la pili lilikuwa na dolari 4 siku ya 4, likafunga kaye. Kutosheka mapema kuliwanyima ya tano.

Kwa kumaliza, nawaachia zoezi. Bei za siku sita ni zile zile: 10, 14, 12, 17, 9, 13. Lakini sasa komisyo ni dolari 1 tu. Faida kubwa kupita zote ni ngapi, na kundi gani la darasa letu lingekuwa na haki? Tayarisheni meza yenye M na H, mistari sita tu. Atakayeleta meza yenyewe, si jibu tupu, mbele ya Ijumaa jioni, jina lake tutaliandika katika gazeti linalofuata. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaruhusiwa pia. Hata nawaomba wajaribu.



Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita